Shusha Geini

Walimzimia amplifaya katikati ya wimbo, naye akaendelea kupiga. Ndivyo ilivyokuwa, na anayetaka kulipamba jambo hili akalipambe kwao. Ilikuwa mchana kweupe, chumba cha mazoezi kimejaa bendi nzima, na mpiga solo, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, amefumba macho, vidole vinakimbia kwenye nyuzi, mguu unapiga sakafu, na spika haitoi hata mlio wa mbu. Mpiga dramu hakuacha kupiga. Alimpigia polepole, kwa makusudi, ili asishtuke, huku amejiinamia na mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Mtu huyo walimwita Solo, kwa jina la kazi yake, na aliyemzimia ni mdogo wake. Wala si mdogo wa mbali. Ni wa tumbo moja, ambaye Solo na mkewe walimchukua akiwa bado anafunga kaptura kwa kamba, wakamlisha, wakamsomesha, wakamfundisha gitaa. Siku hizi ndiye kiongozi wa bendi, anavaa suti hata jua likiwaka, na watu wamembatiza Mheshimiwa. Amplifaya yenyewe ni ya zamani, ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kwa ndani, na ina swichi mbili: moja ya umeme, nyingine ya kuilaza bila kuizima. Mheshimiwa alinyoosha mkono nyuma ya kaka yake akabonyeza ile ya kuilaza. Taa nyekundu ikabaki inawaka, valvu zikabaki za moto, sauti tu ndiyo ikakatika. Solo alifungua jicho kidogo, akaiona taa, akaridhika, akalifumba tena.

"Mnaona wenyewe hasikii," Mheshimiwa akawaambia wenzake. "Mimi sisemi kitu. Nikisema mtaniambia sina adabu kwa mkubwa wangu."

Mke wa Solo alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa fundi cherehani, na mikononi alibeba mashati mapya ya bendi, aliyoyashona mwenyewe na kuyapiga pasi. Wanabendi walimwita Mama Sauti. Hakuna aliyemwona akiingia. Aliyaacha mashati yaanguke sakafuni, akapita katikati yao, akamshika mumewe bega. Solo akafumbua macho, akaona nyuso zile zinahangaika kuficha meno, akamgeukia mdogo wake.

"Nimekosea wapi?" akauliza.

Hapo mpiga besi akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani. Mama Sauti aliwatazama mmoja mmoja, akaweka kila uso mahali pake moyoni. Hakutukana mtu. Alichomoa waya wa gitaa, akamshika mumewe mkono, wakaondoka. Amplifaya ilibaki, kwa sababu Mheshimiwa alisimama mbele yake na kusema ni mali ya bendi.

Nyumbani Solo aliliweka gitaa juu ya kabati la nguo, akalifunika kwa shuka. Alisema amechoka. Kesho yake pia akasema amechoka. Ikawa ni kuchoka tu siku zote, anakaa kwenye kiti karibu na cherehani ya mkewe, anakata nyuzi zilizobaki kwenye pindo za nguo za watu. Wateja walioingia walimsalimia kwa kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. "SHIKAMOO MZEE! UPO?" Na mama mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni alimgeukia Mama Sauti akauliza, mwenyewe akiwa pale pale:

"Siku hizi anasikia kidogo, au ndiyo basi tena?"

"Muulize. Si huyo hapo."

"Aa, nisimsumbue."

Alipotoka, Mama Sauti alisukuma cherehani, akamsogelea mumewe upande wa sikio la kulia, lile lililobaki na uhai. "Mdogo wako amekufanya kichekesho."

"Alikuwa anatania."

"Anatania! Mtoto niliyemwosha makamasi kwa mikono hii, leo amtanie mume wangu mbele za watu?"

"Lakini masikio si kweli yamekwisha?"

"Yamekwisha ndiyo. Kwani miaka yote hii ulikuwa unapiga kwa masikio?"

Solo akacheka kidogo, na hilo likamuuma mkewe zaidi kuliko kama angelia. Kwa maana siri yao ilikuwa hapo. Amplifaya ya valvu ina vifundo viwili ambavyo wengi hudhani vina kazi moja. Masta ni ukubwa wa sauti, basi. Geini ni kiasi cha sauti unachozilisha zile valvu. Ukizilisha kidogo, gitaa linatoka kama lilivyo, kavu na safi, kila kidole kinasikika peke yake. Ukizilisha sana zinachemka, sauti inanenepa, inakwaruza, inavutika, na hata uzi ukiguswa ovyo unaitika. Ni kama mchuzi mzito, huwezi kujua nyama ziko ngapi. Na aliyesimama jukwaani, dramu zinamtwanga mgongoni, hawezi kujua huko ukumbini kumefika nini.

Kwa hiyo Mama Sauti alikuwa akisimama nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango. Akishika sikio, mumewe anashusha geini. Akishika kidevu, anapandisha. Akivuta mtandio mbele, masta iongezwe. Na akiweka kiganja kifuani, maana yake ni hapo hapo, usiguse kitu, uko salama. Solo alizeeka na kuwa kiziwi hivyo hivyo, macho kwa mkewe, na watu wakasema sauti ya bendi ile haina mfano. Mdogo wake aliyajua yote haya. Alipoanza kupanda jukwaani, bado kijana wa kupiga gitaa la ridhim, kaka yake alimwambia: "Ukipotea, mtazame shemeji yako. Huwezi kukosea."

Mheshimiwa alikuja Jumapili na mfuko wa sukari na sabuni.

"Hodi shemeji! Wenyewe mpo?"

Akaketi bila kukaribishwa, akapunga mkono mbele ya uso wa kaka yake kama anayemchezea mtoto mchanga, kisha hakumtazama tena. "Kaka anaendeleaje? Anakula vizuri?"

"Anakula. Ana mdomo pia, ukimuuliza atakujibu."

"Shemeji bwana, hujabadilika!" Akacheka peke yake, akafungua kifungo cha koti. Akaeleza shida yake. Kulikuwa na hoteli kubwa inayotaka bendi ya kudumu, kila mwisho wa wiki. Mama mwenye hoteli alikwenda kuwasikiliza, akasema gitaa la solo, ambalo sasa Mheshimiwa analipiga mwenyewe, limempa maumivu ya kichwa, ila atawapa nafasi nyingine Jumamosi alasiri, mbele ya wageni wake. "Ile sauti ya zamani hatuipati, shemeji. Ile tamu. Nimesokota vile vifundo mpaka vidole vimeota sugu."

"Geini unaiweka wapi?"

"Juu kabisa."

"Juu kabisa," Mama Sauti akarudia.

"Ndiyo ninayoipenda. Inanipa nguvu. Nikiishusha naona kama nimesimama mtupu."

Mama Sauti aliinamisha kichwa akatia uzi kwenye sindano, ili asionekane uso. Kumbe! Kumbe jitu zima lenye suti linajificha ndani ya geini. Alikuwa akimsikia tangu zamani kwamba kidole chake cha tatu kizito na mkono wake wa kulia hauna mizani, lakini hakuwahi kufikiri kwamba mwenyewe anajua. Furaha mbaya ikampanda kutoka tumboni, ya moto, na hakuizuia.

"Na kaka yako je?" akauliza. "Bendi ikipata kazi?"

"Tusianze hayo, shemeji. Kaka tutamtafutia kitu. Anaweza kutusaidia kubeba vyombo."

Solo hakusikia, au alisikia. Alikuwa anakata uzi kwenye kola ya shati, na mkasi ukasimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Nitakuja," Mama Sauti akasema. "Nitasimama kule nyuma kama zamani. Wewe unitazame tu."

"Ndiyo maana nakupenda, shemeji! Wewe huna kinyongo."

Alipokwisha kuondoka, Solo aliweka mkasi chini. "Usiende."

"Kwa nini nisiende? Naenda kumwekea sauti."

"Nakujua, mke wangu."

"Kama unanijua, unajua pia kuwa siwezi kulala nikikumbuka ulivyouliza umekosea wapi. Roho inaniwaka! Wewe umesamehe, hongera. Mimi bado."

Jumamosi ukumbi wa hoteli ulikuwa na meza zenye vitambaa vyeupe, na wageni wametulia na soda na vinywaji vyao. Mama mwenye hoteli aliketi meza ya mbele, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, hacheki na mtu. Mheshimiwa alikuwa na suti ya kijivu. Kabla ya kuanza, Mama Sauti alipanda jukwaani akamwekea vifundo kwa mkono wake mwenyewe, geini juu ya nusu, masta chini. Mheshimiwa akagusa nyuzi mara moja tu, sauti ikatoka nene na laini, akafumba macho kwa raha.

"Yesss! Hii hii! Shemeji, una mikono ya dhahabu."

"Subiri watu wakae. Ukumbi ukijaa sauti inabadilika, nitakuonyesha."

Hilo lilikuwa kweli, miili ya watu hunywa sauti, na ndiyo maana Mheshimiwa alitikisa kichwa bila wasiwasi. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Mama Sauti alishika kidevu mara moja, Mheshimiwa akapandisha geini, ukumbi ukachangamka, mama mwenye hoteli akaanza kugonga meza kwa kidole. Mama Sauti alitaka iwe hivyo. Alitaka kwanza aonje.

Kisha Mheshimiwa akashika maikrofoni. "Wimbo unaofuata," akasema, "niliutunga mwenyewe. Jasho langu mwenyewe."

Ulikuwa wimbo wa Solo. Aliutunga kwenye kitanda chao, mkewe akiwa amelala ubavuni mwake na homa, na solo yake ni ndefu, gitaa peke yake karibu nusu ya wimbo, bila pa kujificha. Mpiga dramu aliinamisha macho. Hata yeye aliona haya, ila haya ya kimya haimsaidii mtu. Mama Sauti, kule nyuma, alisikia mwili wote unapoa. Kama kulikuwa na huruma yoyote iliyobaki, iliondoka hapo.

Sehemu ya solo ilipoanza, Mama Sauti akashika sikio.

Mheshimiwa alimwona. Akanyoosha mkono nyuma, akashusha geini kidogo. Mama Sauti akavuta mtandio, masta ikapanda. Akashika sikio tena. Geini chini. Mtandio, masta juu. Sauti ilianza kukonda. Mafuta yakatoka, sukari ikatoka, kikabaki kidole na uzi. Mheshimiwa alikunja uso kidogo, pale aliposimama palikuwa na dramu na besi na hakuwa na hakika anachosikia ni kipi, akamtazama shemeji yake kwa macho ya kuuliza. Ni macho yale yale aliyokuwa akimtazama nayo akiwa mdogo, akitumwa dukani na kusahau alichotumwa. Mama Sauti aliyatambua. Akashika sikio mara ya mwisho, akalivuta kabisa, na Mheshimiwa akakisokota kifundo cha geini mpaka karibu na mwisho.

Hapo ndipo ukumbi ulipomsikia Mheshimiwa. Kidole cha tatu kilichelewa, uzi ukatoa tik kama jino linalogongwa. Noti moja ilitoka kubwa, ya pili ikafa, ya tatu haikuwapo. Alipaswa kuteremka kwa kasi hadi chini ya shingo ya gitaa, akateremka kama mtu aliyekosa ngazi, na kila alipojikwaa masta ilikuwa juu, hata mhudumu aliyekuwa mlangoni na sinia alisikia. Meza ya pembeni mtu akacheka. Mwingine akamziba mdomo kwa kiganja, na yeye mwenyewe akaangua kicheko. Mama mwenye hoteli akaacha kugonga meza, akamwinamia jirani yake, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu anajifunza?"

Mheshimiwa alimtazama shemeji yake. Jasho linamtiririka hadi kwenye kola.

Mama Sauti akaweka kiganja kifuani. Hapo hapo. Usiguse kitu, uko salama.

Mheshimiwa akatabasamu, akashukuru kwa kichwa, akaendelea.

Lo, ilikuwa tamu! Nani atasema haikuwa tamu? Mama Sauti alisimama pale amebana kiganja kifuani, moyo unapiga chini yake, akasikiliza kila kosa mpaka la mwisho, na hakuna ambalo hakulifurahia. Wimbo ulipokwisha watu wawili watatu walipiga makofi ya kusukumiza. Mama mwenye hoteli akasimama, akavua miwani, akasema, "Asanteni. Mnaweza kukusanya vyombo vyenu."

Nje, uani, mpiga dramu alimfuata Mama Sauti mbio. Alikuwa na mke mjamzito na kila mtu alijua hilo. "Mama, niliona mikono yako. Yeye sawa, ni haki yake. Sisi tumekukosea nini?"

"Mlicheka."

"Mama..."

"Mlicheka. Wewe ulimpigia na dramu kabisa, ili asijue. Sasa cheka."

Mpiga dramu akarudi ndani kufungua vyombo vyake.

Asubuhi Mheshimiwa aliingia bila hodi. Hakuwa na suti. Macho yalikuwa mekundu, na alipiga magoti mbele ya kiti cha kaka yake, akaanza kupaza sauti hadi majirani wakanyamaza ili wapate kusikia vizuri.

"Kaka, mkeo amenivua nguo mbele za watu! Amenidanganya kwa ishara! Kazi imekwenda, wenzangu hawataki kuniona, mji mzima unanicheka! Hukumu, kaka. Wewe ndiye baba yangu. Hukumu!"

Solo alimtazama mkewe. Mama Sauti hakushusha macho, alikanyaga cherehani akaendelea na mshono wake. Solo akasimama, akashusha gitaa kutoka juu ya kabati, akafunua shuka, akampa mdogo wake.

"Piga ule wimbo."

"Kaka, sikuja kupiga."

"Piga."

Mheshimiwa akapiga, bila waya, bila amplifaya. Solo akainama, akalaza taya lake juu ya ubao wa gitaa, kama anayelala, akafumba macho. Mbao zilimpa kupitia mfupa kile ambacho masikio yalikuwa yamekataa. Akasikiliza mpaka mwisho, akainuka polepole akijishika kiuno.

"Kidole cha tatu kinachelewa. Nilikuambia tangu mdogo."

"Kaka, sikuja kufundishwa!"

"Umeniambia nihukumu. Nahukumu. Hakukuharibia kitu. Alikuacha usikike." Akalichukua gitaa lake mikononi mwa mdogo wake. "Wimbo ni wangu na unajua. Amplifaya niliinunua mimi, na unajua. Iletwe leo. Usije nayo wewe, mtume mtu. Sitaki kukuona kwenye mlango huu mpaka nikuite, na sijui kama nitakuita."

Mheshimiwa alingoja kidogo, akidhani kaka yake atacheka kama alivyozoea. Kaka hakucheka. Akainuka, akapangusa magoti, akatoka, na majirani wakampisha njia.

Mama Sauti aliacha cherehani. Machozi ya ushindi yalikuwa yamemlenga, na alitaka kumkumbatia mumewe pale pale, kwa sababu hakutegemea, hata siku moja, kwamba mtu mpole yule angeweza kusema maneno kama yale. Lakini Solo alikuwa amekaa tena, gitaa mapajani, anamtazama.

"Alikutazama mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho," akamjibu kwa sauti kubwa. "Hakuniondolea macho."

"Ukamwekea kiganja kifuani."

Hakuwa amemsimulia hilo.

"Mimi nakujua," Solo akasema. "Hicho kiganja ndicho nilichokuwa nakitafuta kila nikipotea. Nikikiona, nalala usingizi huku nimesimama. Sasa nikipanda jukwaani tena, nikakiona, nitajuaje?"

"Wewe! Wewe nitakudanganyaje? Nilifanya kwa ajili yako!"

"Hata yeye hakudhani utamdanganya."

Mama Sauti alitaka kusema samahani. Lakini hakuwa na majuto hata chembe. Leo ingerudiwa, angemshushia tena mpaka mwisho, na angecheka safari hii. Solo aliusoma uso wake wote, kama alivyouzoea kuusoma kutoka upande wa pili wa kumbi zilizojaa watu. Kisha akakigeuza kiti kikaelekea ukutani, akampa mgongo, akalaza taya juu ya mbao, akaanza kupiga bila kumtazama mtu.